Wimbo Uliofungwa Katika Leso

Wako watu duniani wanaonunua CD ya muziki na hawaisikilizi. Wanaipokea ikiwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, wanaikagua pembe zote nne, wanaiweka kabatini mbali na jua, na nailoni ile haichanwi kamwe. Ukiwauliza kwa nini, watakujibu kwamba ikichanwa tu, thamani yake inashuka. Wimbo umo ndani, umekamilika, umerekodiwa na watu waliotoa jasho. Lakini kwa ajili ya kuulinda, hakuna sikio litakaloupata.

Wengi wetu tukisikia habari hiyo tutacheka, kisha tutakimbilia hukumu. Tutasema hayo ni mambo ya watu wa Japani, Ulaya na Marekani wenye fedha za kuchezea, nasi tuna shida zetu. Au tutatoa hubiri lile tulilolizoea: Mungu haangalii ya nje, huangalia ya moyoni, kwa hiyo jalada ni bure. Hubiri hilo lina kweli ndani yake. Samweli alifundishwa hivyo nyumbani kwa Yese. Lakini naona linatufikisha mwisho upesi mno. Swali la mkusanyaji wa muziki ni swali letu pia, kwa kuwa sisi Wakristo tu watu wa vyombo. Tuna Biblia yenye jalada la ngozi na zipu, tuna kikombe cha Meza ya Bwana, tuna majoho ya kwaya, tuna jengo tulilolichangia kwa miaka mingi. Kila siku tunaamua, hata bila kusema, chombo kina thamani kiasi gani mbele ya kile kilichomo. Ni vema tuamue tukijua tunachoamua.

Mkusanyaji anatafuta nini?

Kwanza tumtendee haki mkusanyaji. CD zilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982, matunda ya kazi ya pamoja ya kampuni ya Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi. Sahani yenyewe ina upana wa sentimita 12 tu, na ukiitoa kwenye kasha lake haina mengi ya kukuambia: ni duara linalong'aa, lenye maneno machache upande mmoja. Mengine yote yamo katika kifungashio. Kuna kasha la plastiki linalofunguka kama kitabu. Mbele kuna kijitabu chenye picha, maneno ya nyimbo, majina ya waimbaji, ya wapigaji na ya watunzi. Nyuma kuna karatasi yenye orodha ya nyimbo, iliyokunjwa kingo zake ili jina lisomeke CD ikiwa imesimamishwa rafuni.

Wakusanyaji wanazitofautisha sehemu hizi vizuri kuliko tunavyodhani. Kasha la kawaida la plastiki likipasuka, au vile vijino vya katikati vinavyoishika sahani vikivunjika, wengi wao hawahuzuniki. Kasha jingine la namna ileile hupatikana kirahisi. Kijitabu kikipotea, huo ni msiba, maana hakuna kitu kingine katika CD ile kinachoweza kusema yale kilichoyasema. Katika kuuziana kwao, CD hupewa alama mbili. Kipimo kinachotumiwa na wengi kinatokana na jarida la Marekani liitwalo Goldmine, nacho hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kitu kisicho na doa hata moja hadi kitu kibovu kabisa. Kwenye tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 na ambako wengi wao huuziana leo, muuzaji huandika alama ya sahani peke yake na alama ya kifungashio peke yake. Sahani inaweza kuwa safi na jalada limelowa maji. Jalada linaweza kumeremeta na sahani imekwaruzwa hata wimbo unaruka. Wahenga wetu waliliona jambo hilo zamani waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ila viko vitu vingine wanavyovitafuta ambavyo havina neno lolote la kuongeza kwenye wimbo. CD za Japani huuzwa zikiwa zimezungushiwa mkanda wa karatasi uitwao obi, jina la ule mshipi unaofungwa kiunoni juu ya kimono. Mkanda huo una bei na maneno ya kuitangaza CD. Wanunuzi wengi waliuchana na kuutupa siku ileile; leo CD yenye mkanda wake hulipiwa zaidi kuliko isiyo nao. Huko Marekani, katika miaka ya kwanza ya CD, kasha la plastiki lilitiwa ndani ya boksi refu la kadibodi, la urefu wa sentimita 30 hivi. Sababu ilikuwa ya dukani tu: rafu zilikuwa zimetengenezwa kwa santuri kubwa, na boksi refu lilikaa vizuri kwenye rafu hizo na likawa gumu kuibwa. Mnunuzi akifika nyumbani, boksi lilikwenda jalalani. Watu wakalalamika kwamba miti inakatwa ili kutengeneza takataka, na mwaka 1993 kampuni za muziki zikaliacha. Sasa boksi lile la jalalani, likipatikana zima, ni hazina.

Hapa tuweke alama, kwa sababu kuna thamani za namna mbili na si vizuri kuzichanganya. Kijitabu kina thamani ya ushuhuda: kinasema nani alifanya nini, lini, na kwa maneno gani. Boksi na mkanda vina thamani ya uhaba: vinapendwa kwa kuwa wengine walivitupa. Thamani ya ushuhuda haipungui hata kama kila mtu anacho kijitabu. Thamani ya uhaba huishi kwa sharti moja, kwamba jirani yako hana. Naamini mambo mengi ya imani yanakuwa wazi tukiyatazama kwa tofauti hiyo.

Majina yaliyoandikwa juu

Wapendwa, Maandiko hayadharau jalada. Fungua kitabu cha Zaburi. Kabla ya mstari wa kwanza wa zaburi nyingi kuna maneno madogo ambayo wasomaji wetu wa Jumapili huyaruka. Maneno hayo ndiyo kijitabu cha CD ya kale. Yanataja aliyetunga, au jamaa ya waimbaji. Yanamtaja kiongozi wa kuimba. Zaburi ya 4 inasema iende na vinanda. Zaburi ya 51 inasema ilitungwa baada ya nabii Nathani kumwendea Daudi kwa habari ya Bathsheba. Ondoa maneno hayo, na zaburi ya 51 bado ni toba. Yarudishe, nayo inakuwa toba ya mtu fulani, mfalme mwenye damu mikononi, na mwenye dhambi anayesikiliza leo anajua kwamba naye anaweza kuimba.

Au tazama zaburi ya 84, ile inayozitamani nyua za Bwana na kuona ni heri kuwa bawabu mlangoni pa nyumba yake. Juu yake wameandikwa wana wa Kora. Kora ni nani? Ni yule aliyemwasi Musa jangwani na kuangamia, kama tunavyosoma katika Hesabu 16. Kisha katika sura ya 26 tunaambiwa kwa maneno machache kwamba wanawe hawakufa. Uzao wa mwasi aliyeangamia umekuwa uzao wa waimbaji, na wanachokiomba ni nafasi ya mlangoni. Injili nzima imo katika kichwa hicho cha wimbo. Mtu aliyekitupa akabaki na wimbo peke yake amepoteza ushuhuda ambao wimbo wenyewe haukuutaja.

Biblia inajua pia kuorodhesha watenda kazi. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji wa hekalu walihesabiwa, wakawa 288, na vichwa vya zamu zao 24 vikaandikwa kwa majina. Katika Warumi 16, baada ya mafundisho mazito kuliko yote aliyowahi kuandika, Mtume Paulo anatumia karibu sura nzima kutaja watu: Fibi, Priska na Akila, na wengine ambao hatujui habari zao nyingine. Na katikati ya salamu hizo anajitokeza Tertio, mwandishi aliyeshika kalamu, naye anasalimu kwa jina lake. Roho Mtakatifu hakuona kwamba jina la karani linauchafua waraka.

Tena chombo hulinda. Yeremia aliambiwa aziweke hati za shamba alilolinunua ndani ya chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Na mwaka 1947, wachungaji wa Kibedui walipoingia katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, walikuta mitungi ya udongo yenye magombo ndani yake, na kati ya magombo hayo kilikuwamo kitabu cha nabii Isaya. Udongo ule haukuwa na maandishi ya kinabii. Ulikuwa mtungi tu. Lakini mtungi ulifanya kazi yake gizani kwa karibu miaka elfu mbili, na neno likatoka.

Sasa tuyatazame ya kwetu. Kwaya nyingi za sharika zetu zilirekodi kanda, na baada ya kanda zikarekodi CD. Jalada la CD ya kwaya tunalijua: wanakwaya wamesimama kwa sare, majina ya nyimbo yako nyuma, jina la mwalimu wa kwaya na la mtunzi, namba ya simu ya katibu, na onyo la kutonakili. Kwa Tanzania, tangu kanuni za mwaka 2013, stempu ya kodi ya TRA nayo ikatakiwa ibandikwe. Kisha zikaja flashi. Kijana mwenye kompyuta anakujazia nyimbo mia mbili kwa bei ya chai, na zote zinaingia nyumbani kwako bila jalada. Wimbo unaitwa kwa namba. Unaupenda, unaupiga msibani na harusini, unaupeleka kwa simu hadi kwa dada yako Mombasa au Bujumbura, na hujui ni wa kwaya gani, wala ni nani aliyekesha akiutafutia maneno.

Mtu anaweza kusema: si neno, utukufu ni wa Mungu. Ni kweli utukufu ni wa Mungu. Lakini kazi ilikuwa ya mtu, na mtu huyo ana nyumba. Mwalimu wa kwaya aliyetunga wimbo unaojulikana nchi nzima anaweza kuketi benchi la nyuma katika ibada ambamo wimbo wake unaimbwa, na kijana anayeuongoza asijue. Akiugua, hakuna anayemwendea kwa jina la wimbo ule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikuishia kwenye malipo. Inampa mtunzi pia haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Ikiwa sheria ya serikali imeona kwamba jina ni haki, je, kanisa linaloisoma amri ya kutoiba litaliona jina kuwa ni mapambo?

Kwa hiyo mkusanyaji anayekihifadhi kijitabu asidharauliwe na sisi tuliovitupa vijitabu vya ndugu zetu wenyewe. Katika jambo hili ametushinda.

Jalada linapoula wimbo

Baada ya kumpa haki yake, tumwambie na kweli nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiwanda kimoja cha CD huko Blackburn, Uingereza, kilichojulikana kwa herufi za PDO, kilitoa sahani nyingi ambazo baada ya miaka michache zilianza kugeuka rangi. Zikawa kama shaba, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na wimbo ukaanza kukoroma. Walipochunguza wakakuta kwamba rangi ya kukinga iliyopakwa juu ya sahani haikuweza kustahimili salfa iliyokuwamo katika karatasi ya vijitabu. Salfa ikapenya, madini ya ndani yakaliwa na kutu. Kile kijitabu kizuri, kilichokaa kimya juu ya sahani ndani ya kasha lililofungwa, ndicho kilichosaidia kuila.

Wakusanyaji wanajua kisa kingine cha namna hiyo. Makasha manene ya CD mbili ya zamani yalitiwa vipande vyembamba vya sifongo ili sahani zisicheze njiani. Miaka ilipopita sifongo iliharibika, ikagandamana na sahani, ikaziharibu. Kilichowekwa kulinda ndicho kilichoangamiza, na aliyeumia zaidi ni yule ambaye hakuwahi kufungua kasha lake. Bwana Yesu alipotuonya juu ya hazina za duniani alitaja nondo, kutu na wezi. Mwenye kabati lenye kufuli amemzuia mwizi, lakini kutu haiingii kwa mlango.

Hapa ndipo naikumbuka ile habari ya Luka 19. Mtu mmoja wa cheo aliwaachia watumwa wake kumi mafungu ya fedha wafanyie biashara. Aliporudi, mmoja akamletea fungu lake likiwa limefungwa katika leso, zima, halikupungua hata senti. Tukimpima mtumwa huyo kwa kipimo cha wakusanyaji, angepata alama ya juu kabisa: halikuguswa na liko katika kitambaa chake cha kwanza. Bwana wake hakumshukuru. Fedha ile haikutolewa ili itunzwe. Ilitolewa ili itembee. Tena sikia sababu aliyoitoa mtumwa: alimwogopa bwana wake kuwa ni mtu mgumu. Nailoni isiyochanwa mara nyingi ina hofu chini yake. Mtu anaogopa kwamba akikitumia kitu kitakwisha, kwamba akikitoa hakitarudi, kwamba akiguswa atashuka thamani. Wako waumini waliofunga hivyo sauti zao, elimu yao, hata msamaha wao. Tumezika watu ambao walikuwa na maneno mazuri ya kuwaambia watoto wao, nao walikuwa wakiyatunza.

Na tusidhani kwamba hatari hii ni ya vitu vya dunia tu. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu, na watu walioumwa walimtazama wakaishi. Alistahili kutunzwa, na Israeli walimtunza kwa mamia ya miaka. Lakini siku za mfalme Hezekia watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na 2 Wafalme 18 inasema Hezekia alimvunja vipande vipande, nayo inamsifu. Chombo kilichowahi kubeba wokovu kilikuwa kimekaa mahali pa Mwokozi. Hakuna chombo kitakatifu kiasi cha kutoweza kufika hapo: si jengo, si mimbari, si taratibu za ibada tunazozipenda, si Biblia ya harusi iliyo kabatini ambayo kurasa zake bado zimeshikana.

Kibweta kilichovunjwa

Mwaka 1997 bendi moja ya Uingereza iitwayo Spiritualized ilitoa albamu iliyofungwa kama dawa ya hospitali. Sahani ilikuwa ndani ya plastiki iliyofunikwa kwa karatasi ya bati, kama tulivyozoea kuona vidonge, ikiwa na boksi lake na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa mtindo wa maelezo ya dawa. Mnunuzi alikuwa na njia moja tu ya kuusikia muziki: kupasua. Aliyetaka kifungashio kibaki kizima alilazimika kubaki bila wimbo. Naona waliobuni mtindo ule waliuliza swali la moja kwa moja kuliko sisi wahubiri: wewe umenunua nini?

Swali hilo liliulizwa Bethania pia. Katika Marko 14 mwanamke anaingia na kibweta cha marhamu ya nardo, kitu cha bei kubwa, zaidi ya dinari 300 kwa hesabu ya walionung'unika. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Hakumimina tone na kukifunga tena. Alikivunja, na marhamu yote yakamwagika kichwani pa Bwana. Walioketi wakaita hasara, na Yesu akaiita kazi njema.

Tuangalie vizuri, ndugu msomaji, tusije tukajifunza nusu. Kibweta hakikuwa adui wa marhamu. Bila kibweta, nardo isingefika Bethania. Ingekuwa imekauka zamani. Mwanamke hakukidharau kwa kukivunja. Alikifikisha mahali kilipokuwa kikielekea tangu kilipofinyangwa. Dharau ingekuwa kukivunja njiani bila sababu, na huko ndiko kosa letu la flashi. Kukiacha bila kuvunjwa hata Bwana ameketi mezani ni kosa la pili, nalo ni la mkusanyaji.

Kuna jambo moja zaidi katika habari ile. Bwana aliahidi kwamba popote injili itakapohubiriwa, tendo la mwanamke yule litatajwa kwa kumbukumbu lake. Hata hivyo Marko hakuliandika jina lake. Nalisoma hilo kwa faraja. Ziko nyimbo zetu nyingi ambazo jalada lake limekwisha kupotea na waliozitunga wamelala, na hakuna mtu aliye hai atakayetuambia majina. Hao hawakupotea machoni pa Mungu. Lakini faraja hiyo ni kwa ajili ya yale tusiyoyaweza tena. Haiwezi kuwa kisingizio mbele ya mtunzi aliye hai ambaye namba yake ya simu iliandikwa kwenye jalada tulilolitupa.

Tupime vipi?

Atauliza mtu: basi, kwa kifupi, jalada la kwanza lina thamani gani? Najibu kwa maswali matatu ambayo kila mmoja wetu anaweza kujiuliza mbele ya kitu chochote anachokitunza.

La kwanza: chombo hiki kinasema nini ambacho kilichomo hakisemi? Kikitaja majina, kikieleza siku na sababu, kikimshuhudia mtu aliyefanya kazi, kitunze kama unavyotunza neno la ushahidi. Usharika wenye kwaya uwe na nakala moja ya kila CD iliyotolewa, pamoja na kijitabu chake, katika ofisi ya usharika. Kama kijitabu hakipo, mzee wa kwaya aulizwe angali hai, na majina yaandikwe kwa mkono. Kazi hiyo ni ya jioni mbili au tatu, nayo ni haki. Na sisi tunaotumiana nyimbo kwa simu, tuandike jina la kwaya na la mtunzi kabla ya kutuma.

La pili: kilichomo bado kinatoka? CD ipigwe, Biblia isomwe, mlango wa kanisa ufunguke siku za katikati ya wiki. Chombo kisichofunguliwa hakibaki kama kilivyokuwa. Tumeona karatasi nzuri ilivyoila sahani gizani.

La tatu: je, furaha yangu katika kitu hiki inahitaji mwingine akose? Hapa ndipo thamani ya uhaba inapopimwa. Simhukumu anayependa kitu adimu. Kupenda kitu kizuri kilichosalia kati ya vingi vilivyopotea ni namna ya shukrani. Lakini kama nikisikia kwamba jirani amepata kama changu na moyo wangu ukashuka, basi nilikuwa nimependa upungufu wake. Hazina ya injili ni ya namna nyingine: mia wakiipata, mimi sipungukiwi.

Niongeze tahadhari moja. Tusichukue mfano huu wa jalada na wimbo tukauweka juu ya mwanadamu, tukasema mwili ni kasha tu la roho. Tunaungama ufufuo wa mwili. Neno alifanyika mwili, na mwili ule ulipofufuka ulibeba makovu. Mgonjwa wodini, mzee asiyejiweza, mtoto aliyezaliwa na ulemavu, hao si makasha yaliyochakaa. Mfano una mpaka wake, na ni mtu mwenyewe.

Yohana anasimulia katika sura ya 6 kwamba watu elfu tano walipokwisha kula na kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, asitake kipotee kitu. Wakajaza vikapu kumi na viwili. Bwana aliyeumba mkate kutoka mikononi mwake hakuona aibu kuinama kutafuta makombo. Yeye naye ni mkusanyaji. Ila tazama utaratibu wake: watu walikula kwanza, wakashiba, ndipo vikapu vikapita. Yuko mtu leo anayepita na kikapu kabla hajala mtu, na mkate unamlalia. Tuko sisi ambao tumekula, tukafuta midomo, tukayaacha makombo nyasini na majina ya waokaji pamoja nayo. Bwana atupe kuimba kwanza, na kwa sauti kuu. Na wimbo ukiisha, atupe kuinama.